Maiti Mmoja, Marafiki Watatu

Safu iliyopita niliropoka kwamba usingizi wangu huja upesi nikisoma hadithi ya mauaji. Basi mmenivamia. Barua ni nyingi kuliko nafasi niliyopewa, kwa hiyo nimechagua saba. Onyo moja kabla hatujaanza: simtaji muuaji wa kitabu cha mtu yeyote, hata mnibembeleze vipi.

*Shangazi, shikamoo. Kila usiku lazima nisome kurasa kumi za riwaya ya mauaji ndipo nilale. Mume wangu anasema mtu anayetulizwa na maiti ana kasoro. Kweli ninayo? – Anayelala na Taa*

Marahaba, mwanangu. Kasoro huna. Mwambie mumeo kuna maiti na maiti. Katika riwaya unazozisoma wewe, mtu anakufa mlango ukiwa umefungwa. Mlango unafunguliwa, marehemu yuko sakafuni, na hakuna anayetuelezea jeraha lake kwa aya tatu. Tena marehemu mwenyewe kwa kawaida ni mtu aliyewaudhi watu wanane kabla hatujafika ukurasa wa ishirini: kabadilisha wosia, kanyang'anya mchumba wa mtu, kaficha barua isiyo yake. Mwandishi anafanya makusudi, ili washukiwa watoshe na sisi tusiomboleze sana. Baada ya hapo ni mazungumzo tu. Nani alikuwa na ufunguo? Kwa nini dirisha lilikuwa wazi usiku wa mvua?

Mshairi W. H. Auden, mtu mzito wa kuheshimiwa, alikiri katika insha yake ya mwaka 1948 kwamba hadithi za upelelezi zimemtawala kama tumbaku. Akishaanza moja hawezi kufanya kazi wala kulala mpaka aimalize. Wewe unayelala baada ya kurasa kumi umemshinda Auden kwa nidhamu.

Nilikaa nyuma ya meza ya maktaba miaka mingi. Waliokuwa wakiazima mauaji kwa wingi walikuwa watu wapole kabisa, wanaorudisha kitabu kabla ya tarehe na kuomba radhi kwa kona iliyokunjika. Mtu pekee aliyewahi kunirushia kitabu alikuwa msomaji wa mashairi ya mapenzi.

*Dada, mimi ni polisi mstaafu. Vitabu hivi vinaniudhi. Kituo kizima kimeshindwa kesi, halafu bibi mwenye sindano za kufumia anaitatua. Kwa nini mnatudhalilisha? – Mstaafu Mwenye Kinyongo*

Pole, kaka. Lakini hebu fikiri: huyo bibi ana nini ambacho wewe hukuwa nacho? Hawezi kupekua nyumba, hawezi kumweka mtu ndani, hawezi hata kumlazimisha mtu akae chini. Ana kitu kimoja tu: hakuna anayejipanga akimwona anakuja. Wewe ukiingia, watu walikaa wima na kupima maneno. Akiingia yeye, wanaendelea na ugomvi wao.

Tazama jinsi Miss Marple, bibi mpelelezi wa mwandishi Mwingereza Agatha Christie, alivyoingia duniani, Desemba 1927, katika hadithi fupi ya jaridani. Watu wamekaa sebuleni jioni. Wanakubaliana kila mmoja asimulie kisa ambacho jibu lake analijua yeye peke yake, na wengine wabahatishe. Mmoja anahesabu waliopo: watano. Bibi aliyekaa pembeni anafuma, anatabasamu na kuwakumbusha kwamba wamemsahau yeye. Kumbe ni sita! Katika chumba hicho yumo mtu aliyekuwa mkuu wa Scotland Yard, yaani polisi wa London, yumo mwanasheria, yumo kasisi, yumo mwandishi wa vitabu. Anayelipata jibu ni yule asiyehesabiwa. Mimi kila nikirudia ukurasa ule nasimama hapo hapo penye kuhesabu, kwa sababu aina nzima ya hadithi hizi imekunjwa mle ndani. Christie alieleza katika tawasifu yake kwamba bibi huyo angefanana na marafiki wa nyanya yake, vikongwe aliowaona utotoni. Kwa hiyo hata yeye alizaliwa kutoka kwenye kundi la marafiki waliokaa na kusemezana.

Jambo la pili, kaka, na hili waandishi wengi wachanga hulisahau. Raia wa kawaida hawezi kumwandama muuaji kurasa mia tatu kwa udadisi tu. Ana kazi, ana magoti yanayouma. Anaanza kuuliza maswali kwa sababu swahiba wake ametajwa kuwa mshukiwa na nyinyi polisi mmeridhika. Hapo ndipo napasikia mapigo ya moyo wa hadithi. Wewe ulikuwa unatafuta nani aliyefanya. Yeye anatafuta namna ya kumrudisha rafiki yake nyumbani. Na mwisho wa yote pingu ni zenu. Mwandishi anayemwacha bibi amfunge muuaji mwenyewe amekosea kazi.

*Shangazi, kwa nini rafiki wa mpelelezi lazima awe zuzu? Mimi ni mtu wa kuwa rafiki wa watu, na nimechoka. – Wa Pili Daima*

Nakuelewa. Lawama zinaanzia kwa Dk. Watson, rafiki wa mpelelezi Sherlock Holmes, aliyetokea naye mwaka 1887, ingawa Watson hakuwa zuzu hata kidogo. Ni daktari aliyetoka vitani. Aliyeiandika dharau hii kama sheria ni padri mmoja Mwingereza, Ronald Knox. Mwaka 1929 alitoa kanuni kumi za hadithi za upelelezi, na ya tisa inasema rafiki wa mpelelezi asifiche wazo lolote linalompitia kichwani, na akili yake iwe chini kidogo, kidogo sana, ya akili ya msomaji wa kawaida. Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka. Baadaye nikaudhika.

Nusu ya kwanza ya kanuni hiyo ni dhahabu, nusu ya pili ni majivuno. Mpelelezi asiye na rafiki hana budi kufikiri kimyakimya, na mawazo ya kimyakimya hayasomeki. Rafiki anauliza lile swali ambalo sisi tunaona haya kuliuliza. Katika riwaya za Kiswahili tunalo hilo tangu 1960, Muhammed Said Abdulla alipomtoa Bwana Msa, mtu wa kiko na mawazo, na pembeni yake akamweka Najum. Bwana Msa si polisi. Ni mtu tu anayeona. Na Najum namtetea mbele ya yeyote: bila yeye tungebaki tunatazama moshi wa kiko. (Kama hujasoma *Mzimu wa Watu wa Kale*, acha safu hii, nenda kasome, urudi.)

Siku hizi mambo yamegeuka, na ninafurahi. Mwandishi Mwingereza Richard Osman, katika riwaya yake ya mwaka 2020, *The Thursday Murder Club*, aliwaweka wastaafu wanne kwenye makazi ya wazee: jasusi wa zamani, daktari wa magonjwa ya akili, muuguzi na kiongozi wa chama cha wafanyakazi. Hakuna zuzu mle. Kila mmoja ana kipande, na hakuna mwenye vyote. Muuguzi anajua mwili wa binadamu, mwanachama wa chama anajua nani anadanganya kwenye kikao. Mwandishi akigawa akili hivyo, urafiki unakuwa ndiyo njia yenyewe ya kulipata jibu. Ukimwondoa mmoja, kesi haifungwi. Kwa hiyo tulia, Wa Pili Daima. Zamu yako imefika.

*Inawezekanaje kijiji kimoja kiue watu kila wiki na nyumba bado zinauzwa? – Mpima Ardhi*

Haiwezekani. Ile tamthilia ya televisheni ya Jessica Fletcher, mwandishi wa vitabu anayekutana na maiti kila aendako, ilidumu kutoka 1984 hadi 1996 na vipindi vyake 264. Mji wake mdogo, Cabot Cove, ulifiwa mno, ingawa watunzi walimsafirisha mara kwa mara majirani wapumue. Mimi ningekuwa jirani yake ningehama siku anayorudi safari. Hii ni bei ya kiingilio, ndugu yangu: unaikubali mlangoni, huiulizi tena ndani.

*Shangazi, naandika riwaya yangu ya kwanza. Niliwapa watu wanne waisome, na wote wamemjua muuaji katika sura ya tatu. Nakutumia sura hiyo. Nimekosea wapi? – Kalamu Mbichi*

Nimeisoma mara mbili, mwanangu, na mimi nilimjua kwenye ukurasa wa pili wa sura hiyo. Usikate tamaa, unaandika vizuri. Tatizo lako ni kwamba kila kitu muhimu umekiwekea taa.

Wapelelezi wako ni marafiki watatu wa tangu shule, hilo nimelipenda. Wanaingia chumba alichofia yule mthamini wa vitu vya kale. Unatuambia kwamba alikufa akisoma barua. Barua iko mbele yake mezani. Kisha unaandika, na hii ni sentensi yako peke yake katika aya, tena mwisho wa sura: miwani yake ilikuwa ndani ya mkebe. Ukurasa unageuka, na msomaji anabaki na miwani hiyo machoni. Lazima ajue. Mtu asiyeona karibu hawezi kusoma barua bila miwani, kwa hiyo barua iliwekwa pale baadaye, kwa hiyo aliyeiweka ni yule anayedai kuwa alimwacha akiisoma. Umeifunga kesi mwenyewe.

Kidokezo kizuri hakifichwi gizani, kinafichwa kwenye umati. Kiweke katikati ya orodha. Mezani kulikuwa na bahasha mbili, mkebe wa miwani, barua iliyokunjuliwa, wino, na saa iliyosimama saa nne kasorobo. Jicho la msomaji litarukia saa iliyosimama, kwa sababu sote tumefundishwa kuiogopa saa iliyosimama. Mara hiyo hiyo mwache yule rafiki mwenye mdomo ajikwae kwenye zulia na kuangusha wino. Wagombane. Tucheke. Mkebe wa miwani tumeuona, lakini nani ana habari nao?

Halafu nyamaza kurasa sitini.

Sasa ndipo urafiki wao unafanya kazi uliyoukusudia bila kujua. Uliandika, katika sura ya nane, kwamba mmoja wao amepoteza miwani yake mwenyewe na wenzake wanamtania kwa sababu ameivaa kichwani. Uliiweka kama kichekesho na ukaipita. Mwanangu, hicho ndicho kitasa cha riwaya yako! Mwache aseme, kwa hasira, kwamba bila miwani hiyo hawezi kusoma hata jina lake. Mwingine anacheka. Wa tatu hacheki. Anaweka chini alichoshika. Usituambie anawaza nini, funga sura. Msomaji makini ataduwaa, atarudi kurasa sitini nyuma na kuukuta mkebe pale pale mezani, mbele ya macho yake, na atakulaani kwa furaha. Hiyo ndiyo haki katika mchezo huu: nilichokiona mimi nawe ulikiona.

Haki hiyo watu waliichukulia kwa uzito. Waandishi wa Uingereza waliunda klabu yao mwaka 1930, Detection Club, rais wake wa kwanza akiwa G. K. Chesterton, na mwanachama mpya alikula kiapo kwamba wapelelezi wake hawatatatua kesi kwa ufunuo wa mbinguni, kwa hisia tu, wala kwa bahati nasibu. Kwa mizaha, ndiyo, lakini kiapo. Kwa hiyo ile ndoto anayoiota shujaa wako katika sura ya kumi na moja, futa. Na pacha anayejitokeza sura ya mwisho, futa mara mbili.

Kuhusu sumu. Umeandika "sumu kali isiyojulikana". Hapana. Christie aliweza sumu kwa sababu wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alifanya kazi katika chumba cha dawa hospitalini, akafaulu na mtihani wake, akijua kipi kikichanganywa na kipi kinafanya nini. Riwaya yake ya kwanza, ya mwaka 1920, ilisifiwa na jarida la wafamasia wenyewe kwa usahihi wake. Wewe kama hujui dawa, mwue mtu wako kwa ngazi iliyolegezwa msumari. Andika unachokijua. Ulinieleza kwamba baba yako alikuwa seremala. Basi wewe unajua msumari uliolegea wenyewe unavyotofautiana na uliolegezwa, na mimi sijui, na ningependa sana kuambiwa.

Jambo dogo la mwisho: muuaji wako ana "macho ya baridi" mara nne katika sura moja. Mpe macho ya mtu wa kawaida.

*Rafiki yangu, tulio kama chanda na pete, husoma ukurasa wa mwisho kwanza. Nimvumilie? – Asiyependa Haraka*

Mvumilie, ila usimwazime kitabu kabla hujakimaliza. Kuna wasomaji ambao hawawezi kufurahia njia mpaka wajue wanakokwenda, na si dhambi. Wanasoma ili waone fundi alivyoficha nyuzi. Dhambi ni kusema. Pale maktaba nilipofanyia kazi, mtu fulani alikuwa akizungushia jina la muuaji duara la wino mwekundu mara tu linapotokea, ukurasa wa saba, wa tisa, halafu anarudisha kitabu kwa utaratibu. Sikuwahi kumjua. Miaka yote hiyo nikisoma upelelezi, na mhalifu wa rafu zangu mwenyewe akanipita mlangoni.

Mimi na swahiba wangu tuna dawa yetu. Tunasoma nakala moja kwa zamu, yeye kwanza. Akifika nusu ya kitabu anaandika jina la anayemshuku kwenye kipande cha karatasi, anakikunja, anakipachika nyuma ya jalada. Mimi nikifika nusu naandika changu. Hatufungui mpaka wote tumemaliza. Jaribuni. Inamlazimisha mwenye haraka awe na siri, na mwenye siri hana muda wa kubwabwaja.

*Shangazi, wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Je, mwandishi anaruhusiwa kumfanya rafiki kipenzi wa mpelelezi awe ndiye muuaji? – Mtunzi wa Siri*

Anaruhusiwa, lakini ajue anachokivunja. Na methali hiyo asiiweke kwenye jalada, atakuwa amelitaja jina.

Msomaji wa hadithi hizi anakubaliana na mwandishi kwamba mtu yeyote chumbani anaweza kuwa amefanya, isipokuwa wale watatu tunaokaa nao jioni kupanga mawazo. Wao ndio nyumba yetu. Ukimtoa muuaji humo, hujatoa jibu tu, umerudi nyuma na kuchafua kila mzaha tuliocheka nao. Nimeona ikifanywa vizuri mara chache sana. Kilichofaulu kila mara ni kwamba mpelelezi alijua mapema kuliko sisi, na tulipogundua, tuliona kwamba alikuwa akijizuia asijue. Alikuwa anapitisha kikombe, anauliza habari, na vidokezo viko mfukoni mwake kama mawe. Ikiwa rafiki huyo anafichuliwa ukurasa mmoja kabla ya mwisho ili tu msomaji ashtuke, basi ni uvivu uliovaa ujasiri.

Na katika mfululizo wa vitabu, inafanyika mara moja tu. Kitabu kinachofuata, yule aliyebaki atakuwa akiwatazama marafiki zake wapya kama nyinyi mnavyomtazama mtu anayewauliza neno la siri la simu. Mwandishi awe tayari kuliandika hilo pia.

Miaka kadhaa nyuma swahiba wangu aliandika jina kama hilo kwenye karatasi yake, la rafiki mpenzi kuliko wote kitabuni, na alikuwa sahihi. Mimi nilikuwa nimeandika jina la mwanasheria. Sikumpigia simu wiki mbili. Aliponitafuta alisema hakumjua muuaji kwa vidokezo vyovyote. Alijua kwa sababu mpelelezi aliacha kumtania. Watu wanaopendana wanataniana, alisema, na tangu sura ya sita utani ulikuwa umekauka. Nilirudi kwenye sura ya sita. Ilikuwa kweli. Maktaba nzima nimeisoma, na hilo sikuliona.

Sasa hivi tuna kitabu kipya, niko ukurasa wa 140, na karatasi yake iko nyuma ya jalada. Sijaifungua. Ila nimegusa tu, na nimegundua ameikunja mara nne. Kwa kawaida yeye hukunja mara moja.